Bocha Mara Ishirini na Tatu

Siku Bi Misayo Kurisu alipofariki, binti yake Lorna alikuwa jikoni kwake anafuta neno. Simu ilipolia alikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, na kabla ya kuipokea alimalizia kwanza kulikata lile neno kwa kalamu nyekundu na kuandika jingine juu yake. Ndivyo alivyo Lorna. Aliendesha jiko la shule hapa mjini Hilo miaka thelathini na mmoja, na mtu aliyezoea kulisha watoto mia nne kila siku haachi kazi nusu. Akapokea, akasikiliza, akasema, "Ahsante kwa kunijulisha," akakata. Halafu akaosha kikombe chake.

Watu walisubiri alie. Mazishi yakapita, hakulia. Siku ya saba ikapita, hakulia. Mama yake mdogo, Bi Shizuno, mwenye miaka themanini na minane na mdomo usio na breki, akamwambia waziwazi mbele ya wageni, "We Lorna, machozi huna, au umeyasahau kwenye friji ya shule?" Lorna akacheka kidogo kwa adabu, akaendelea kugawa wali. Mwili mzima ulikuwa umeingia ganzi, na hiyo ganzi haikumuuma wala haikumtisha. Aliamka, akala, akafuta ukungu kwenye viatu vya kabatini maana mvua ya Hilo haina likizo, akalala.

Sasa neno lenyewe. Lilikuwa bocha. Huku visiwani, mtoto yeyote aliyelelewa na wale wazee waliotoka Japani kuja kukata miwa huanza kulijua hilo kabla hajaweza kutamka jina lake. Bocha ni kuoga. Na sisemi kujimwagia maji ukatoka, hapana. Nasema kuoga hasa, kuingia kwenye maji ya moto mpaka shingoni na kukaa humo hadi vidole vikunjamane. Bi Misayo alizaliwa kwenye kambi ya miwa, na kazi yake ya utotoni ilikuwa kuchochea kuni chini ya bafu la kambi nzima. Alipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yake na bomba lake, kila jioni alisimama mlangoni akapaza sauti, "Lorna! Bocha!" Mtaa mzima ukasikia. Hadi darasa la nne Lorna aliamini kwamba neno hilo ni Kiingereza, mpaka alipoliandika kwenye insha na mwalimu akalizungushia duara.

Alipostaafu akaanza kuandika riwaya. Alitaka kumwandika bibi yake, mama wa Misayo, jinsi alivyoishi kijijini karibu na Hiroshima kabla hajapanda meli. Tatizo ni kwamba Lorna hajawahi kukanyaga Japani. Mama yake alipoambiwa, alicheka hadi akashika meza.

"Wewe? Uandike habari za Japani? Wewe uliyetapika kwenye boti ya kwenda Maui?"

"Nitasoma vitabu, Mama."

"Soma. Halafu uje uniulize mimi, mimi nami sijafika."

Lakini alimsaidia. Kila Lorna alipokwama, mama alimpa maneno aliyoyasikia kwa mama yake: la kumfokea mtoto, la kumsifia mkwe, la kuitia watu kuoga. Lorna akayamwaga yote kitabuni. Bocha peke yake iliingia mara ishirini na tatu. Kitabu kikakubaliwa na mchapishaji mmoja mdogo wa Honolulu, kijana anayeitwa Dexter Hokama, naye kwa uangalifu wake akampa msomaji mmoja aliyezaliwa na kukulia Tokyo akipitie. Msomaji akarudisha kurasa tatu za makosa. Kwamba wanakijiji hawa wanaongea lugha ya kubuniwa. Kwamba neno hili halitumiki, lile ni la matusi. Na kuhusu bocha: "Hakuna neno kama hili katika Kijapani. Labda mwandishi alikusudia furo."

Aibu iliyomshika Lorna siku ile haisemeki. Maisha yake yote, wageni kutoka bara wameutazama uso wake wakamuuliza habari za Japani kana kwamba alitoka huko juzi, naye akajibu kwa kubahatisha. Leo Japani yenyewe imemsoma na haimtambui! Akafunga mlango. Siku nne alikaa mezani na kalamu nyekundu, akikata bocha na kuandika furo, bafu kwa lugha ya Tokyo. Siku nne hizo hakwenda kumwona mama yake kwenye nyumba ya wazee, yeye ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kukosa siku mbili mfululizo. Siku ya nne ndiyo simu ikalia.

Bi Misayo alikuwa amepata kiharusi mwaka mmoja kabla. Kiharusi kilimchukulia upande mmoja wa mdomo, kikamchukulia na Kiingereza chote, lugha aliyofanyia kazi na kugombania na majirani maisha yake yote. Kikamwachia ile lugha ya jikoni ya mama yake. Familia kadhaa zilikuwa na wazee wa namna hiyo, zikaandika barua kuomba mhudumu anayejua Kijapani, na Lorna alitia sahihi yake ya kwanza kabisa juu ya orodha. Ndipo akaletwa Wakana, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Osaka, mpole, mwepesi wa miguu, Kiingereza chake cha kuokoteza. Watu walifurahi. Wazee wetu sasa watasikika, walisema.

Wiki moja baada ya mazishi Lorna alikwenda kuchukua vitu vya marehemu. Wakana alikuwa amevipanga kwenye boksi, amekunja hata soksi.

"Mama Lorna, pole sana," akasema, akiinama. "Bibi alikuwa mtu mzuri. Siku za mwisho alipenda sana chai yangu."

"Chai?" Lorna akauliza. Mama yake alikuwa mtu wa kahawa.

"Ndiyo! Kila saa anaita. Meno hakuna, mdomo huku upande, lakini mimi nasikia. Anasema, bo-cha, bo-cha. Anataka kusema ocha, chai. Mimi naleta mbio. Majani mazuri, mama yangu alituma kutoka Osaka."

Lorna alikuwa ameshika gauni la kulalia la mama yake, lile la pamba la maua ya buluu. Akaliweka kwenye boksi polepole.

"Akanywa?"

"Yote! Kila kikombe. Anainamisha kichwa, ananishukuru. Halafu anapumzika kidogo, tena, bocha. Siku ya mwisho, vikombe sita." Wakana akafungua daftari la zamu amwonyeshe, na uso wake ulikuwa na fahari kabisa. Mwandiko ulikuwa mdogo, safi. *Ameomba chai. Amepewa. Amekunywa yote. Ameomba chai. Amepewa. Amekunywa yote.*

Nyumba ile ina bafu moja la kujaza, mwisho wa korido. Wazee wengi huogeshwa kwa mpira wa maji, wamekalishwa kwenye kiti cha plastiki, jambo ambalo Bi Misayo alilichukia kupita kiasi. Alisema ni kumwagiliwa kama kabichi. Bafu la kujaza hutumika ndugu akiomba na kutia sahihi. Lorna alitia sahihi kila Jumatano, akamshika mama mkono wakati anaingizwa, akamsikiliza akiguna kwa raha. Jumatano ile ilikuwa siku ya pili kati ya zile nne. Na mwanamke wa rika la Bi Misayo, ukimletea kitu kwa mikono miwili umeinama, hakukatalii. Atakunywa. Ukileta cha pili, atakunywa. Atakufa na tumbo limejaa chai, hajaoga, na hatakuambia umekosea.

"Ahsante kwa kumtunza," Lorna akasema. Akabeba boksi, akaenda kwenye gari, akawasha vifuta kioo. Alikaa pale akivitazama vikienda na kurudi. Hakuna kilichomjia, hata hasira. Akarudi nyumbani akapika tambi.

Kesho yake akampigia Dexter.

"Rudisha bocha," akasema.

"Anti Lorna! Umeamkaje? Rudisha nini?"

"Bocha. Zote ishirini na tatu."

"Anti, jamani, si ulizifuta mwenyewe? Tokyo wamesema hakuna neno kama hilo."

"Tokyo hawakukata miwa, Dexter. Wewe nyumbani kwenu mliitaje?"

"Bocha," akakiri. "Bibi yangu alitukimbiza na ufagio. Lakini anti, hadithi inatokea Japani. Watasema hatujui tunachochapa."

"Waseme."

"Basi tufanye hivi. Niandikie kurasa mbili za mwisho wa kitabu, ueleze neno limetoka wapi na kwa nini umeling'ang'ania. Ukinipa hizo, narudisha zote. Lakini Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa sita mchana, kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa. Baada ya hapo hata ulie vipi, hakibadiliki."

"Mimi silii," Lorna akasema, na ilikuwa kweli.

Akaandika zile kurasa mbili. Akaandika kuni chini ya bafu la kambi, akaandika sauti ya mlangoni jioni, akaandika Jumatano, kalamu nyekundu, msichana wa Osaka na majani ya mama yake, vikombe sita. Hakupamba kitu. Alipomaliza alijua, kama anavyojua wali ulioiva bila kufunua sufuria, kwamba hajawahi kuandika kitu kizuri kuliko hicho na huenda hataandika tena. Riwaya nzima aliihangaikia kuingia ndani ya watu asiowajua. Kurasa mbili hizi zilikuwa za kwao, za hapa hapa, na zilikuwa zinapumua. Dexter akajibu kwa barua pepe: *Anti, nimelia ofisini, wenzangu wananishangaa.* Lorna akaisoma mara mbili. Akamwonea wivu. Mtu asiyemjua mama yake amemlilia, na yeye aliyemzaa bado anatafuta machozi yake yalipo.

Utanisamehe, nimekosea: Misayo ndiye aliyemzaa Lorna. Lakini mwaka ule wa mwisho, wa kulishana na kuvishana, hata wao wenyewe walikuwa wameshapoteza hesabu ya nani mzazi.

Ibada ya siku ya arobaini na tisa ikapangwa Jumapili, siku moja kabla ya ile Jumatatu ya Dexter. Hekaluni palijaa wazee wa kambi ya zamani, wale waliobaki, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba kasisi alisoma kwa kupaza sauti. Nyuma kwenye meza kulikuwa na kuku wa kuchemshwa na mboga, sushi za kukunja, na sufuria mbili za wali ambazo Lorna alizipika mwenyewe. Mlangoni akatokea Wakana. Hakualikwa na mtu. Alikuja kwa basi, nguo nyeusi imelowa mabegani, mkononi chupa ya chai na kikombe kilichofungwa kwa kitambaa.

"Samahani kuja bila taarifa," akamwambia Lorna mlangoni. "Naweza kumpa bibi chai? Mara moja tu."

"Karibu. Umelowa mwanangu, ingia."

Hakuingia. Akasimama akikikumbatia kile kikombe. "Mama Lorna, mimi nilitaka kurudi Osaka. Mwezi wa tatu bibi yangu alifariki, mimi niko huku. Kwetu, mtu akiondoka, mjukuu analowesha midomo yake kwa maji. Mimi sikumpa hata maji. Nililia, nikasema kazi hii siiwezi, natunza bibi za watu, bibi yangu nimemwacha." Akafuta uso, labda ilikuwa mvua. "Halafu Bibi Misayo akanywa chai yangu. Nikasema, basi. Angalau huyu nilimpa alichotaka. Kwa hiyo nimebaki."

Lorna alikuwa anatazama kile kikombe.

"Na mkuu wetu amesema umeandika kitabu," Wakana akaendelea, uso ukamng'aa. "Nitanunua! Kiingereza changu kidogo, lakini nitasoma na kamusi, neno kwa neno, mpaka ukurasa wa mwisho."

Ukurasa wa mwisho. Lorna akaziona zile kurasa zake mbili, na kamusi kando yake.

Uvumba ulipokwisha kutolewa na kasisi kukaa, Wakana akaenda mbele. Akamimina chai, akaiweka mbele ya picha ya Bi Misayo kwa mikono miwili. Akaunganisha viganja. Na kwa kuwa alitaka kumwita bibi kwa lugha ya bibi mwenyewe, akasema kwa sauti, ukumbi mzima umetulia:

"Bibi, bocha."

Vichwa ishirini vyeupe vikainuka kwa pamoja. Mzee mmoja nyuma akaguna, akajikohoza kuzuia kicheko. Wanawake wakatazamana. Wakana akageuka, akaziona nyuso zile, na fahari yake yote ikaanza kumtoka.

"Nimekosea?" akauliza. Akamtazama Lorna. "Bocha... si chai?"

Bi Shizuno alikuwa kiti cha mbele kabisa, na mdomo wake ulishafunguka. "Mwanangu wee, bocha ni—"

"Ni chai, Mama mdogo," Lorna akasema.

Miaka sitini na sita hakuwahi kumkatiza mkubwa wake. Bi Shizuno akageuka taratibu na kumkazia macho. Lorna akamkazia pia.

"Huku kwetu mashambani wazee ndivyo walivyosema," Lorna akaendelea, sasa akimwambia Wakana. "Ocha wengine, bocha sisi. Ulisikia sawa."

Bi Shizuno akamtazama mpwa wake, akatazama kikombe mbele ya picha ya dada yake, akamtazama yule msichana aliyelowa. Ningeweka dau kwamba asingenyamaza, na si mimi peke yangu.

"Ee," akasema mwisho, kwa sauti ya kukwaruza. "Chai. Dada yangu aliipenda hiyo tangu mdogo. Ungemwona, anakaa ndani yake mpaka vidole... anakaa nayo, nasema, anakaa nayo mpaka ipoe." Akapangusa pua. "Haya, chupa ina kitu bado? Nipe na mimi bocha."

"Na mimi bocha kidogo," yule mzee wa nyuma akadakia.

"Mimi yangu ya moto sana, usinibanie!"

Wakacheka, wengine huku wanalia, na Wakana akapita kiti kwa kiti akimimina, akicheka naye bila kujua kinachochekwa. Vikombe vya karatasi vikaletwa kutoka mezani. Lorna akatoka barazani na simu yake.

"Dexter. Weka furo. Zote ishirini na tatu."

"Anti, usinitanie. Leo Jumapili."

"Na zile kurasa mbili, zitupe."

"Nizitupe? Anti Lorna, nisikilize. Hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyoandika. Kuliko kitabu chenyewe!"

"Najua."

"Sasa mama yako je? Neno lake lipotee hivihivi?"

Lorna akaegemea nguzo. Ndani walikuwa bado wanaitana bocha, bocha, sauti za watu ambao miaka kumi ijayo hakuna hata mmoja atakayekuwepo.

"Mama alikunywa vikombe sita ili msichana wa watu asiaibike," akasema. "Alikuwa mgonjwa, meno hana, ana hamu ya kuoga, akavinywa vyote. Mimi binti yake sikuwepo. Siwezi sasa kuja kuvitapika kwenye kitabu."

"Furo," Dexter akasema. "Sawa, anti. Furo."

Aliporudi ndani kiti chake kilikuwa bado wazi karibu na Bi Shizuno. Wakana akaja na kikombe cha mwisho, akamkabidhi kwa mikono miwili, ameinama. Lorna akainamisha kichwa, akamshukuru. Chai ilikuwa ya moto, chungu kidogo, na ilipomfika kifuani ganzi ikaachia, akalia palepale mbele za watu kwa sauti, mabega yakimruka, Bi Shizuno amemshika goti. Lorna alilia na kunywa, akanywa yote. Wakana alisimama mbele yake ana wasiwasi, hajui afanye nini.

"Mama Lorna, unataka kitu?"

"Bocha," Lorna akasema.

Wakana akakimbia kuleta chai.